Onyo kwa Pande Zote Mbili

Kabla ya kila mchezo Refa aliinama na kukipangusa kwa brashi kile kibao cheupe kilichochimbiwa ardhini, pale anaposimama mpigaji. Alikipangusa hata kikiwa safi. Na alipoinama alihakikisha amewaelekezea watazamaji uso, si makalio, kwa sababu waamuzi waliomtangulia walimfundisha kwamba hiyo ndiyo heshima. Kwa mambo ya namna hiyo sijaona aliyemshinda. Kama besiboli ingekuwa mchezo wa kupangusa, angekuwa mwamuzi bora kuliko wote Minnesota.

Besiboli kwa kweli haina refa. Ina mwamuzi, ambaye husimama nyuma ya mdakaji, amevaa kinyago cha chuma usoni na sponji nene kifuani. Lakini sisi Watanzania wa Minneapolis na Saint Paul tulikuwa watu wa soka, na mtu yeyote mwenye mamlaka ya kumtoa mwenzake mchezoni, kwetu ni refa. Jina hilo lilimganda hata kwenye misiba. Siku za kazi alikuwa mhasibu katika ofisi moja ya Eagan. Kiangazi kikifika, Jumamosi na Jumapili, alivaa suruali ya kijivu yenye mikunjo ya pasi na kwenda kuamua michezo ya timu za ridhaa za vitongojini, zile za walimu, mafundi na wauza bima wanaocheza kwa mapenzi tu. Alisema zamani aliwahi kuwa refa wa soka Morogoro. Hatukumpata mtu wa kuthibitisha, na wale wawili kati yetu waliotoka Morogoro walikuwa na adabu mno, hawakukanusha.

Ukali wake ulikuwa maarufu. Alimtoa mchezaji kwa sababu shati lilikuwa nje ya suruali, na alipoambiwa avumilie akalirudia neno "avumilie" kama mtu aliyeonja maziwa yaliyochacha. Alimtoa kocha aliyetema maganda ya alizeti karibu na kiatu chake. Hata kwenye sherehe za umoja wetu, kwenye ukumbi wa chini wa kanisa tuliokuwa tukiuazima, alisimama mwanzo wa foleni ya chakula akiwarudisha nyuma wanaume waliotaka kupakua kabla ya watoto. Mtu mzima na sahani yake mkononi, anarudishwa. Nilipofika Marekani mara ya kwanza nikamwona akifanya hivyo, nilimdhania kuwa mtu jasiri. Nilichelewa kugundua kwamba alikuwa hodari kwa wale tu wasiokuwa na hasira.

Niseme kidogo kuhusu sheria, maana bila hiyo hamtaielewa dharau yangu. Mpira wa besiboli ni mgumu kama mbao. Mrushaji husimama kwenye tuta na kuurusha kwa nguvu zake zote kumpita mpigaji, na mdakaji huchuchumaa nyuma ya mpigaji kuupokea. Wapo warushaji ambao wakiudhiwa humrushia mpigaji mwilini kwa makusudi: mbavuni, mgongoni, wengine kichwani. Mwamuzi akiona ni makusudi, anaruhusiwa kumtoa mrushaji palepale. Anaruhusiwa pia kufanya jambo la pili, jepesi zaidi: kuvua kinyago, kunyoosha mikono miwili, mmoja kwa timu hii na mwingine kwa timu ile, na kuwapa onyo wote. Baada ya hapo yeyote atakayemrushia mtu, wa upande wowote, anatoka yeye na kocha wake.

Refa hakuwahi kumtoa mrushaji kwa kosa la kwanza. Hata mmoja. Alinyoosha mikono miwili kama mtu anayepimwa suti.

"Mimi naona mpira," alipenda kusema, "moyo siuoni."

Nililifikiria sana neno lake hilo. Nilikuwa nimemaliza shahada ya sosholojia na nafanya kazi ya muda ya kupokea simu, na mtu anayepokea simu ambazo hazipigwi ana nafasi kubwa ya kufikiri. Mwanzoni nilidhani ni unyenyekevu: mwanadamu anakiri kwamba hajui ya ndani ya mwenzake. Kisha nikawaza, mbona moyo wa mwenye shati nje aliuona? Kisha nikawaza labda namwonea, labda kusita kwake kuna hekima ambayo mimi sijafikia umri wa kuiona. Nikakaa na wazo hilo wiki nzima. Jumapili nikaenda uwanjani, nikamwona ananyoosha tena mikono miwili, wazo likafa.

Nilikuwa naenda kwa ajili ya Baraka. Baraka ni mtoto wa Mama Mdogo, mdogo wake mama yangu, ambaye alikuja kusoma akabaki kufanya kazi ya maabara, na ndiye aliyenipokea nyumbani kwake Saint Louis Park. Baraka aliletwa akiwa mdogo, akaupenda mchezo wa huko kama watoto wa huko. Wakati ninaouzungumzia alikuwa kijana wa miaka ishirini na kitu, anaendesha mashine ya kunyanyulia mizigo kwenye ghala moja Eagan, na Jumapili ndiye mpigaji bora wa timu yake. Kiswahili alikielewa chote. Kujibu, alijibu kwa Kiingereza; maneno yake ninayoandika hapa mengi nimeyatia Kiswahili mimi.

Alikuwa na tabia moja: alisimama karibu sana na kile kibao. Sheria inaruhusu. Warushaji wanachukia, maana anawabania nafasi ya kupitishia mpira.

Na alikuwa na adabu aliyofundishwa nyumbani, ambayo ndiyo iliyoleta balaa. Mara ya kwanza alipokuta mwamuzi ni Refa, alipofika kupiga aliinamisha kichwa na kusema, "Shikamoo." Refa, ndani ya kinyago chake, akajibu, "Marahaba, mwanangu." Mdakaji wa timu pinzani akawatazama. Kocha wao akatoka, akauliza hawa wawili wanaambiana nini kwa lugha yao. Refa akaeleza kwamba ni salamu. Kocha akacheka, akasema haya, salamu.

Kicheko kile kilimwingia Refa kama mwiba. Baada ya mchezo alimvuta Baraka pembeni, akamwambia uwanjani asimwamkie tena. Jumapili iliyofuata Baraka akatii, akapita kimya. Refa akaja kwa Mama Mdogo kulalamika kwamba mtoto amekosa heshima, anampita mtu mzima kama mti.

"Si ulimkataza?" Mama Mdogo akamuuliza.

"Nilimkataza kusema. Kuinamisha kichwa nilimkataza?"

Tangu hapo alikuwa na hofu moja tu, ambayo aliiita haki: watu wasije wakasema anampendelea mtoto wa nyumbani. Mpira wa utata kwa Baraka uliamuliwa dhidi ya Baraka. Rafiki yangu Njeri, Mkenya aliyekuwa muuguzi msaidizi kwenye nyumba ya wazee, alikuja kutazama mara moja tu na ikamtosha. "Huyu refa wenu ana-fear wazungu hadi anawasaidia," akasema. "Aki wewe, kwetu angeshapigwa mawe."

"Ni mtu mzima, Njeri."

"Hata mtu mzima hupigwa mawe."

Sasa kulikuwa na mrushaji wa timu moja ya vitongoji vya kusini, jitu refu lenye ndevu nyekundu, mpole ukikutana naye kwenye maegesho. Mwezi wa Juni Baraka aliupiga mpira wake ukavuka uzio na miti ya nyuma ya uzio, na kwa mrushaji hakuna fedheha kuliko hiyo. Baraka hakushangilia, alikimbia kwa kiasi, ameinamisha uso. Zamu yake iliporudi, mpira wa kwanza ulimpata mbavuni. Nilisikia sauti yake nikiwa kwenye benchi za juu, sauti ya mtu anayeangusha gunia la mchele. Mrushaji yule alikuwa hajakosa shabaha mchana kutwa.

Refa akavua kinyago. Mikono miwili.

Zamu mbili baadaye mrushaji wa timu ya Baraka, fundi bomba wa makamo mwenye bega bovu, ambaye mpira wake ulifika ukiwa umechoka, mpira ulimponyoka ukamgusa mpigaji wa upande wa pili kwenye kiatu. Kwenye kiatu. Mpigaji mwenyewe alicheka. Refa akamnyooshea fundi bomba kidole, nje; akamnyooshea kocha wake, nje. Onyo lilikuwa limeshatolewa, sheria ni sheria. Mwenye ndevu nyekundu akaendelea kurusha hadi mwisho na wakashinda. Nilikaa pale nikijaribu kwa uaminifu wote kupata namna ambayo jambo lile lingekuwa sawa, na sikuipata, na mpaka leo sijaipata.

Jioni ileile Refa alikuja kutoa pole. Hilo nalo lilikuwa lake: hakukosa pole. Na lazima niseme, ingawa linaharibu hesabu yangu, kwamba mtu huyu ndiye aliyenipokea uwanja wa ndege bila kuombwa, akiwa na koti la ziada mkononi kwa sababu alijua nitakuja na sweta. Ndiye aliyenifundisha kuendesha gari kwenye theluji, kwa upole, akiniambia nisikanyage breki kwa hofu. Mtu akifiwa, ndiye aliyeshughulika na usafirishaji wa maiti hadi mwisho. Kwa mtu aliyeanguka peke yake alikuwa mwema kweli. Matatizo yalianza aliyeanguka alipokuwa ameangushwa na mtu.

Mama Mdogo alimwekea chai na sambusa. Baraka alikuwa kwenye kochi, amefungwa barafu.

"Mbavu hazikuvunjika, Mama Baraka, tumshukuru Mungu," Refa akasema.

"Tunamshukuru. Kaka, nina neno moja."

"Sema, dada yangu."

"Watakutana tena na yule mtu mwezi wa nane, na mwamuzi ni wewe. Akimlenga tena mwanangu, mtoe."

Refa akaweka kikombe chini taratibu. "Mimi uwanjani sina mtoto wala ndugu."

"Sijakuambia umpendelee mtoto. Nimekuambia umtoe anayempiga."

"Nitajuaje kama amekusudia? Mimi naona mpira, moyo si—"

"Juzi ulimtoa mtu kwa ajili ya shati. Moyo wa shati uliuona?"

Baraka akacheka, akashika mbavu. Refa naye akacheka, akamsifu Mama Mdogo kwa ulimi wake, akaomba sambusa nyingine. Mama Mdogo hakucheka. "Kaka," akasema, "safari nyingine itakuwa kichwani. Usije ukanijia hapa na pole."

"Haitafika huko," alijibu, kana kwamba yeye ndiye angekuwa anarusha.

Nilimwambia Baraka asimame mbali kidogo na kibao, hatua moja tu. Nilikuwa nimeandaa hoja zangu kwenye basi, kwa mpangilio. Alinisikiliza zote.

"Nikisogea, Dada," akasema, "kila mrushaji atajua kwamba ukinipiga nasogea."

"Lakini refa hatakulinda."

"Kwa hiyo mimi ndiye niondoke?"



Mwezi wa nane ulikuwa na joto la kunata. Nilikaa chini kabisa, nyuma ya wavu, mahali nilipomwona mdakaji, Refa nyuma yake, na mwenye ndevu kwenye tuta. Baraka alipiga vizuri mara mbili. Alipokuja mara ya tatu, mdakaji alipiga ngumi kwenye glavu yake, kisha akasogea ndani, upande wa mwili wa Baraka, na kuinyanyua glavu juu. Mrushaji alikuwa bado hajaanza hata kujizungusha.

Na Refa akasogea. Hili nililiona kwa macho yangu na sijawahi kuwa na shaka nalo, mimi ambaye nina shaka kama nimefunga mlango. Mwamuzi husimama nyuma ya bega la mdakaji na kumfuata anakohamia. Mdakaji alipohama kwenda ndani, Refa alihamia upande mwingine, nje, akainua mkono mmoja kukinga koo lake. Alijikinga. Halafu mpira ukarushwa.

Ulimpata Baraka chini ya ukingo wa kofia ngumu, kwenye mfupa wa chini ya jicho la kushoto. Hakupiga kelele. Alikaa chini kama mtu aliyeitwa ghafla kufikiri jambo. Mama Mdogo alishuka kutoka kwenye benchi na kuingia uwanjani na viatu vyake vya kazi, na hakuna aliyemzuia.

Refa akavua kinyago. Uwanja wote ulikuwa unamtazama, hata wachezaji wa upande wa mwenye ndevu, hata mwenye ndevu mwenyewe, ambaye nadhani alikuwa ameshaanza kuvua glavu kwa kuwa alijua anatoka. Sekunde hizo nilimwombea Refa. Nilimwombea kidole kimoja.

Akanyoosha mikono miwili.

Mfupa ulipona. Jicho linaona, ila Baraka akitazama juu anaona vitu viwili viwili. Mtu anayeona mizigo miwili juu ya rafu hawezi kuendesha mashine ya kunyanyulia mizigo, kwa hiyo walimhamishia kwenye kufunga maboksi. Besiboli ndiyo ikaishia hapo. Haya yote aliyapokea kwa utulivu ulionitisha. Alichotaka kilikuwa kimoja: ligi iseme kwamba alipigwa makusudi. Wenzake wa ghalani walikuwa wakimpa pole ya ajali, na neno hilo, ajali, lilimkera kuliko jicho.

Kamati ya ligi ikasikiliza. Wachezaji wa pande mbili wakasema kila mmoja la kwake. Mimi nilieleza kuhusu mdakaji, wakaniuliza kwa ustaarabu kama mimi ni ndugu wa mchezaji. Mwisho wakamuuliza mwamuzi, aliyekuwa karibu kuliko wote. Refa akasema hakuweza kujua. Alisema mchezo ulikuwa na joto pande zote mbili. Mwenye ndevu nyekundu akarudi kwenye tuta Jumapili iliyofuata.

Refa hakuja kutoa pole. Katika hilo alimtii Mama Mdogo.

Tuliendelea kumwona, maana jumuiya yetu ni ndogo na watu wanakufa na kuoana. Alisimama mwanzo wa foleni ya chakula kama zamani. Sisi tulipokaribia, alipata jambo la kumshughulisha jikoni. Watu walituambia tumsamehe, ni mzee wetu, na tena hakurusha yeye. Kweli hakurusha. Niliifikiria hoja hiyo miezi mingi, kwenye basi na ofisini, na kila mara niliishia pale alipoinua mkono kukinga koo lake.

Miaka miwili ikapita. Mchana mmoja wa Novemba, theluji ya kwanza ikiwa imeshageuka tope, nilikwenda na Baraka kwenye duka kubwa la vyakula karibu na kwetu, Saint Louis Park. Mimi ndiye niliyeendesha. Baraka akabaki garini kusikiliza redio. Nilipotoka na mifuko nikamkuta Refa mlangoni, anapanga vitu vyake upya kwenye kitoroli, mayai juu, mchele chini. Alikuwa amepungua. Hakukuwa na jiko la kukimbilia.

"Shikamoo," nikasema, kwa sababu nimelelewa.

"Marahaba, mwanangu. Hamjambo nyumbani?"

"Hatujambo."

Nilikuwa nimeyaandaa maneno yangu kwa miaka miwili, yenye utangulizi na hitimisho. Likatoka neno moja.

"Ulisogea."

Hakuniuliza wapi. Akayatazama mayai.

"Mdakaji alihama," akasema. "Niliona."

"Kabla hajarusha."

"Kabla hajarusha. Ungesimama pale na wewe ungeona." Akafuta pua kwa glavu. "Unajua, binti yangu, ningemtoa siku ile wangesema nini? Wangesema ni wale Waafrika wawili, wale na salamu zao. Nisingepewa mchezo tena."

"Baraka yuko garini," nikasema. "Pale, lile la bluu. Kamwambie ulivyoniambia mimi. Hilo tu. Kwamba uliona."

Alitazama nilikoonyesha. Aliniambia sawa. Alisema nitangulie, anamalizia kupanga.

Nikaenda, nikaweka mifuko nyuma, nikakaa kwenye usukani. Baraka alikuwa amezima redio, alikuwa ametuona. Akaniuliza kwa Kiswahili, jambo alilolifanya mara chache mno.

"Amesemaje?"

"Amesema aliona. Anakuja kukuambia mwenyewe."

Baraka akanyoosha mgongo. Akatoa kofia kichwani, akaiweka magotini. Akashusha kioo cha upande wake, na baridi ikaingia yote.

Refa alitoka mlangoni na kitoroli chake. Gari lake, lile kubwa la kahawia ambalo kila Mtanzania wa miji ile miwili amewahi kupanda, lilikuwa la pili kutoka letu, sikuliona nilipoegesha. Alikuja hadi nusu ya njia. Akasimama. Kisha akageuza kitoroli, akaingia mstari mwingine wa magari, akawa anatembea polepole akichungulia namba, kama mtu aliyesahau alipoegesha. Alifika mwisho wa mstari, akaanza mwingine. Magurudumu ya kitoroli yalikuwa yakikwama kwenye tope la theluji, naye anayasukuma kwa goti. Hakuwa na kofia.

Tulimtazama kwa muda mrefu. Nilikuwa na mengi ya kusema na nilishaanza kuyapanga.

Baraka akapandisha kioo.

"Tuondoke, Dada," akasema. "Mzee anapigwa na baridi."